Ini langu lina mafuta kiasi gani, na je, lazima nichomwe sindano?

"Docta, jambo. Niko na miaka 46, niko chofere wa kamioni, barabara yangu ni Kolwezi hadi Kasumbalesa. Mwezi wa tatu nilianza kusikia uzito upande wa kuume, chini ya mbavu. Nikapigwa ekografi hapa Lubumbashi, karatasi ikasema ini lina mafuta, daraja la 2. Nikaogopa. Wiki mbili baadaye nikarudia kwingine, wakaandika ini ni la kawaida. Docta wa kwanza anataka nifanye biopsi ili ijulikane mafuta ni kiasi gani. Shemeji yangu anasema sindano ya ini inaamsha ugonjwa uliolala. Ndugu yangu anaishi Johannesburg, yeye alipimwa na mashine inayofanana na ekografi, hakuchomwa kitu, ikatoa namba 312, akaambiwa ana mafuta mengi. Mashine ile ni ya kweli? Hiyo 312 ni asilimia ya nini? Niko na kilo 94, urefu mita 1 na sentimita 68. Damu yangu: ASAT 38, ALAT 52, plaketi 230,000, sukari ya asubuhi kabla ya kula gramu 1.12 kwa lita. Sivuti sigara. Bia nakunywa mbili tu za jioni nikiwa nyumbani, barabarani sigusi. Natumia pia dawa ya mizizi ya kusafisha ini, niliuziwa sokoni. Nifanye nini?"

Papa, asante kwa kuandika namba zako zote. Wengi huniandikia "docta, ini langu ni gonjwa", basi, nami nabaki napapasa gizani. Ninavyokusoma, kinachokunyima usingizi ni zaidi ya mafuta yenyewe. Karatasi mbili zimekupa majibu mawili, docta amekuja na sindano, shemeji na hadithi, ndugu yako na namba isiyo na maelezo. Nikuambie mapema ninakoelekea: mafuta ya ini yanapimika kwa mashine za sauti, yaani ekografi na ndugu zake kama ile ya Johannesburg, tena vizuri, na kwa hali uliyoieleza sioni sababu ya kufanya biopsi, yaani kuchomwa sindano ili kutoa kipande cha ini, kwa ajili ya kuhesabu mafuta tu. Lakini kuna jambo lingine linalonihangaisha kuliko mafuta, nalo ni kovu. Nitalifikia.

Kwanza zile karatasi mbili. Bila shaka unajiuliza ni docta yupi aliyekosea. Huenda hakuna.

Wewe ni mtu wa barabara, kwa hiyo tuongee kwa barabara. Fikiria mwezi wa nane, kiangazi kimekolea, ni usiku, uko nyuma ya kamioni nyingine kwenye njia ya vumbi jekundu. Unawasha taa kubwa. Vumbi lililo karibu linawaka, linakurudishia mwanga machoni, na kule mbele unakotaka kuona shimo hakuna unachokiona. Taa zako ni nzima. Ni kwamba kila punje ya vumbi imepokea mwanga ikaurusha ovyo, mwingine umerudi kwako, mwingine umekwenda kando, na uliofika mbali ni kidogo sana.

Ini lenye mafuta hulifanyia sauti vivyo hivyo. Ile sonda wanayoipaka jeli baridi hutoa mlio usiosikika kwa sikio, mitetemo kama milioni tatu na nusu kwa sekunde, kisha inanyamaza na kusikiliza mwangwi. Ndani ya nyama ya ini sauti hukimbia zaidi ya mita 1,500 kwa sekunde. Ndani ya mafuta inapungua hadi karibu mita 1,450. Kila sauti inapovuka kutoka kwenye nyama kuingia kwenye tone la mafuta, sehemu yake inarushwa. Tone moja ni dogo mno, halina habari. Lakini seli za ini zikijaa matone, sauti inakuwa kama taa zako katika vumbi: sehemu ya ini iliyo karibu na ngozi inang'aa kwenye skrini, iliyo ndani inafifia, na ule mstari mweupe wa utando unaotenga tumbo na kifua unaanza kupotea.

Docta anayekupiga ekografi hutafuta mambo hayo kwa macho. Anakulaza kidogo kwa ubavu wa kushoto, unainua mkono wa kuume juu ya kichwa, anakuambia vuta pumzi, shika. Hapo ini linashuka kutoka chini ya mbavu na kulala bega kwa bega na figo ya kuume, naye anasimamisha picha. Kwa mtu mzima wa afya viungo hivyo viwili vina rangi ya kijivu inayokaribiana. Ini likiwa jeupe kuliko figo, anaandika mafuta. Kama kuta za mishipa ya ini bado zinaonekana wazi, ni daraja la 1. Zikififia, ni la 2. Utando ule ukizama gizani, ni la 3.

Sasa ona udhaifu uliko. Mashine ina vitufe vya kuongeza na kupunguza mwanga wa picha. Nilipokuwa mwanafunzi wa ekografi nilimpa mama mmoja mwembamba, mkulima, "ini lenye mafuta daraja la 2". Mkuu wangu alikuja, hakusema neno, akazungusha kitufe kimoja nyuma kidogo, na ini la yule mama likawa zima mbele ya macho yangu. Mafuta niliyokuwa nayaona niliyaweka mimi. Tangu siku hiyo, mtu akiniletea daraja bila picha yenye figo pembeni, nalichukua kama maoni, silichukui kama kipimo.

Na figo yenyewe inaweza kudanganya. Figo iliyougua kwa miaka, kwa presha au kwa virusi vya ukimwi, mara nyingi inakuwa nyeupe kuliko kawaida. Ukilinganisha ini nayo, ini lenye mafuta litaonekana la kawaida. Tumbo nene nalo linakula sauti kabla haijafika kwenye ini. Kilo 94 kwa urefu wako ni unene wa zaidi ya 33 kwa kile kipimo cha uzito na urefu, yaani picha yako si rahisi kuipata hata kwa mtu hodari.

Lakini kuna sababu nyingine, nayo ndiyo inayoeleza tofauti nyingi za namna yako. Jicho la binadamu mbele ya skrini huanza kuona mafuta kwa uhakika yakishafika kwenye seli kama 20 hadi 30 katika kila seli 100. Kitabibu, ini linahesabiwa kuwa na mafuta kuanzia seli 5 katika 100. Kati ya 5 na 20 huko ni uwanja wa kubahatisha: docta mmoja ataona, mwingine hataona, na wote wawili ni waaminifu. Mafuta yakishakuwa ya wastani au mengi, ekografi ya kawaida inayakamata kwa watu kama 85 katika 100, na wasiokuwa nayo inawaachilia kwa haki karibu 94 katika 100. Kwa mashine inayopatikana hata katika kliniki ndogo za Katuba au Kampemba, isiyo na mionzi na isiyouma, mimi naiheshimu. Ila usiiombe namba. Haina namba ya kukupa.

Sasa tuje kwa ndugu yako wa Johannesburg. Kwa jinsi unavyoeleza, karibu nina hakika alipimwa na FibroScan au mashine ya ukoo wake. Ilianzia Paris mwaka 2003, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kupima ugumu wa ini. Kipimo cha mafuta kiliongezwa mwaka 2010. Haitengenezi picha ya kutazama. Mtu anakaa chali, sonda inawekwa kati ya mbavu, inagonga kama mtu anayekudonoa kwa kidole, mara kumi au zaidi, na dakika chache baadaye namba mbili zinatoka. Ndugu yako amekutumia moja tu. Nyingine ameiacha, na ndiyo niliyoitaka.

Hiyo 312 si asilimia. Ingekuwaje asilimia 312? Ni kiasi cha sauti iliyopotea njiani, kwa desibeli kila mita moja. Kipimo kinaanzia 100 na kinaishia 400. Turudi kwenye vumbi: badala ya docta kutazama na kusema "vumbi ni jingi", mashine inapima mwanga ulivyopungua kadiri unavyokwenda mbele. Hakuna kitufe cha kuongeza mwanga kitakachobadilisha hesabu hiyo, ndiyo faida yake kubwa. Uchambuzi mkubwa uliojumlisha tafiti nyingi uliweka mpaka wa mafuta kuanza kwenye 248, ya wastani kwenye 268, mengi kwenye 280. Mwongozo wa chama cha wataalamu wa ini cha Ulaya wa mwaka 2021 ulichagua mpaka mmoja tu, 275: ukiipita, mafuta yapo. Angalia jinsi hizo namba tatu za kwanza zilivyobanana. Kati ya 248 na 280 kuna hatua 32 tu, na mtu yuleyule akipimwa leo na kesho anaweza kutofautiana kwa hatua kama hizo. Kwa hiyo 312 ya ndugu yako inasema "yapo, tena si haba". Haisemi kwamba ana mafuta zaidi ya mtu mwenye 295. Na kwa mtu mnene namba yenyewe hupanda kidogo kwa sababu ya unene, kwa hiyo wapo walio na sonda kubwa ya pili kwa miili minene. Ukienda, uliza kama wanayo.

Siku hizi ekografi mpya za Canon, GE na Siemens nazo zina programu ndani yake zinazofanya hesabu ya namna hiyo juu ya picha ya kawaida. Hiyo napenda zaidi, kwani unaona unapima wapi na unaukwepa mshipa au uvimbe. Baadhi hutoa upotevu wa sauti, nyingine hutoa asilimia kabisa. Na hapa nakuomba usome taratibu, maana ndipo watu wanapogombana na karatasi zao. "Asilimia" ya mafuta ina maana mbili. Anayetazama biopsi kwa darubini anahesabu seli: katika seli 100, ngapi zina matone? IRM, ile mashine kubwa ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, inahesabu mafuta yenyewe: katika jumla ya maji na mafuta ya ini, mafuta ni sehemu gani? Seli inaweza kuwa na tone dogo au tone linaloijaza yote, lakini darubini itaihesabu moja. Ndiyo maana ini ambalo biopsi inasema asilimia 33, IRM inaweza kusema 17, na zote mbili zinasema ukweli. Zile programu za ekografi zinazotoa asilimia zimefundishwa kuifuata IRM. Ukipata 12 kwenye karatasi ya ekografi usifurahi kwamba ni ndogo. Tayari umepita mpaka wa 5.

IRM ndiyo fundi bora wa kuhesabu mafuta bila kuchoma. Kwa hali yako ni kutoa pesa nyingi kununua jibu ambalo halitabadilisha chochote katika nitakayokuambia ufanye. Weka pesa hizo.

Biopsi basi. Shemeji yako amekosea, naomba umwambie kwa upole: sindano haiamshi ugonjwa wa ini uliolala. Anachokiogopa kimetokana na watu waliochomwa wakati hali yao ilikuwa imekwisha kuharibika, wakafa baadaye kwa ugonjwa uleule, na lawama ikabaki kwa sindano. Lakini si kitu cha mchezo vilevile. Inauma, maumivu huweza kupanda hadi begani, na mara chache damu inavuja ndani, ndiyo maana mtu hulazwa kwa saa kadhaa akiangaliwa presha. Kikwazo chake kingine hakizungumzwi sana: kipande kinachotolewa ni chembamba kama uzi, takribani sehemu 1 katika 50,000 ya ini zima. Mafuta hayajipangi sawa kila mahali. Kuchoma ini ili kujua lina mafuta kiasi gani ni kama kuonja punje moja ya chumvi ili ujue sufuria nzima ya sombe imekolea vipi.

Simtukani docta wako. Biopsi ina kazi yake ambayo hakuna mashine ya sauti iliyoweza kuichukua: kuona kama kuna uvimbe wa ndani ya seli, kama kinga ya mwili inalishambulia ini, kama kuna ugonjwa wa pili umejificha nyuma ya mafuta. Ningeikubali kwako kama vipimo vingekuwa vinapingana, au kama ALAT, kimeng'enya cha ini kinachopimwa katika damu, ingekuwa mara tano ya kawaida bila sababu. Huko hatujafika. Mrudie, mwulize hivi: "Docta, biopsi itabadilisha nini katika dawa zangu?" Ana haki ya kuwa na jibu zuri. Huenda amesikia kitu tumboni mwako ambacho mimi kwa maandishi siwezi kukisikia.

Nimeahidi kovu. Watu wengi wana mafuta kwenye ini na watakufa uzeeni kwa jambo lingine, hasa moyo na mishipa. Hilo nalo ni onyo, pima presha. Wachache kati yao, ini linachokozwa mwaka baada ya mwaka, linaweka kovu, kovu linaungana na kovu, hadi ini linakuwa gumu. Safari yako inaamuliwa na kovu hilo kuliko wingi wa mafuta. Tena lina kichekesho kibaya: kovu likizidi sana, mafuta huanza kupungua. Mtu anaweza kuona namba ya mafuta imeshuka akashangilia, kumbe ini limechoka.

Namba ya pili ya FibroScan ndiyo inayopima ugumu huo. Lile pigo dogo kati ya mbavu linatuma wimbi ndani ya ini, na mashine inapima kasi yake: ini gumu, wimbi linakimbia. Kidole chako kinaujua utofauti huo, bukari (ugali) ya leo na bukari iliyolala. Chini ya 8 kilopaskali, kovu kubwa halitarajiwi. Zaidi ya 12, mtu aende kwa mtaalamu bila kuchelewa. Katikati, tunapima tena na kutafuta zaidi. Ugumu unaweza kupanda kwa uongo ukiwa umetoka kula, ukiwa na homa ya ini kali, au moyo ukiwa umejaa maji.

Hata kabla ya mashine hiyo, wewe mwenyewe umeniletea kipimo cha kovu bila kujua. Kinaitwa FIB-4, nacho ni hesabu tu. Unazidisha umri kwa ASAT, kimeng'enya kingine kama ALAT: 46 mara 38, ni 1,748. Unachukua plaketi, zile chembe za kugandisha damu, kwa maelfu, 230, unazidisha kwa kipeuo cha pili cha ALAT. Kipeuo cha 52 ni kama 7.2. Unagawanya. Unapata takribani 1.05. Chini ya 1.3, uwezekano wa kovu kubwa ni mdogo. Juu ya 2.67, ni mkubwa. Uko upande mzuri, Papa. Gharama yake ni kalamu.

Lakini sijakuachilia. Umeandika "bia mbili tu". Tuihesabu hiyo "tu". Chupa yetu kubwa ni sentilita 72. Kwa kileo cha asilimia 5, chupa moja ina gramu karibu 28 za alkoholi safi. Mbili ni 57. Mpaka ambao chini yake tunasema mafuta ya mwanaume hayatokani na pombe ni gramu 210 kwa juma. Jioni nne za nyumbani kwa juma zinakupitisha. Na hakuna ekografi, iwe ya zamani au ya kisasa, inayoweza kutofautisha mafuta yaliyoletwa na bia na yale yaliyoletwa na sukari na tumbo; matone yote yanarusha sauti namna moja. Mimi ninavyoona, kwako ni vyote viwili. Kama kuna jioni ambazo ni lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, badala ya bia, usinifiche, wala usimfiche docta utakayekaa naye uso kwa uso. Hatuko hapa kama polisi wa barabarani.

Na hiyo sukari ya 1.12: bado haijawa kisukari, lakini si ya kawaida. Irudie, ikiwezekana pamoja na kile kipimo cha damu kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu. Kisukari na ini lenye mafuta ni ndugu wa tumbo moja, na mwenye kisukari huwahi zaidi kuweka kovu.

Kuna kipimo hujakitaja kabisa, nami nashangaa hakuna aliyekuomba: homa ya ini B na C. Katika nchi yetu homa ya ini B ni ya kawaida kiasi kwamba mimi simwandikii mtu "mafuta ya ini" kabla sijaona jibu lake. Inakaa kimya miaka mingi, inaweza kuishi pamoja na mafuta katika ini moja, inaweka kovu na hata kuleta kansa ya ini, na ina dawa zake. Pia virusi vya homa ya ini C, hasa aina moja yake, vyenyewe huleta mafuta. Hiki ndicho kipimo cha kwanza ambacho ningekufanyia wiki hii, kabla ya FibroScan, kabla ya chochote. Majibu yakiwa safi, omba chanjo ya B.

Ile mizizi ya kusafisha ini, iache leo. Sisemi kwa dharau ya dawa za wazee. Bibi yangu alitutibu kwa majani. Lakini ini halina uchafu wa kufagiwa, lenyewe ndilo fagio. Kila unachomeza lazima kipite pale, na kitu kisichojulikana kiasi wala aina kinaweza kulichoma ini kuliko mafuta yanavyofanya. Ikiwa chupa bado ipo, usiitupe. Ilete kwa docta aione.

Dawa ya hospitali ya mafuta ya ini? Marekani waliidhinisha ya kwanza, resmetirom, mwezi wa tatu 2024, kwa watu ambao tayari wana kovu la kiasi fulani. Wewe kwa FIB-4 yako si wao. Dawa yako ni uzito, na najua neno hilo linachosha. Basi nikupe kwa kilo: ukipunguza asilimia 5, kwako kama kilo 5, mafuta ya ini yanaanza kushuka, na mashine itaona. Kilo 7 hadi 9, uchokozi ndani ya ini unatulia. Zaidi ya kilo 9, hata kovu changa linaweza kurudi nyuma. Taratibu, nusu kilo kwa juma. Mtu anayejinyima ghafla anaweza kulidhuru ini hilohilo analotaka kuliokoa.

Sitakuambia uache bukari. Mtu wa Lubumbashi akiambiwa aache bukari haendi tena kwa docta. Punguza tonge nusu, ongeza lengalenga na maharagwe, mawese kwenye sombe yawe ya kuonja yasiwe ya kuogelea. Kinachonitisha kwako ni foleni ya mpakani Kasumbalesa. Najua mnavyokaa pale siku mbili tatu, jua kali, sukre (soda) ya baridi iko dirishani na mandazi juu yake. Chupa ya nusu lita ya sukre huwa na gramu zaidi ya 50 za sukari, na sukari ya namna ile ini huigeuza mafuta moja kwa moja. Beba maji. Beba kahawa pia kama unaipenda, bila sukari: wanywaji wa kahawa wameonekana kuwa na makovu machache ya ini. Na ukiwa kwenye foleni, shuka utembee kuzunguka magari. Mwendo hupunguza mafuta ya ini hata kabla mizani haijasogea.

Uzito ule wa ubavuni uliokupeleka ekografi mara ya kwanza tusiusahau, maana mafuta peke yake kwa kawaida hayaumi. Ukija baada ya chakula cha mafuta na kupanda mgongoni au begani la kuume, tazama mawe kwenye kifuko cha nyongo. Ekografi hiyohiyo inayaona vizuri sana, soma kama karatasi zako zimetaja kifuko. Ukija ukiwa na njaa, huenda ni tumbo. Ukija baada ya saa kumi za usukani, huenda ni msuli.

Usingoje miadi, nenda hospitali siku hiyohiyo, ukiona macho yamekuwa ya njano, tumbo linajaa maji, unatapika damu au choo kimekuwa cheusi kama lami, homa kali pamoja na maumivu ya ubavu, au watu wa nyumbani wanasema unaongea vitu visivyoeleweka. Ukikonda bila kutaka huku kuna kitu kigumu chini ya mbavu, vilevile.

Kama hakuna hayo, mpango wangu kwako ni huu: homa ya ini B na C, sukari irudiwe, presha ipimwe, kisha upimwe ugumu na mafuta mahali mashine ipo, piga simu kwanza uulize kama inafanya kazi. Irudie baada ya miezi sita, si kabla, kwenye mashine ileile na sonda ileile, la sivyo utakuwa unalinganisha kilo na lita. FIB-4 ifanywe kila mwaka mmoja au miwili kwa sababu ya sukari yako.

Siku ya kipimo, usile wala kunywa kitu chenye sukari kwa muda wa saa 3 kabla. Vaa shati linalofunguka kirahisi. Omba waandike namba zote mbili pamoja na aina ya sonda. Beba karatasi zako zote mbili za ekografi, hata ile iliyosema ini ni zima. Na mpigie ndugu yako Johannesburg, mwambie atafute ile namba nyingine aliyoiacha kwenye karatasi yake.